Aliyeshika Kamba Hapigi Saluti

Nimekabidhi ufunguo wa ofisi, nimerudi kwetu Timbwani, na tangu nirudi sijapata majirani wa kuniuliza jambo jingine ila risasi. Miaka yote hiyo jeshini, Bi Mejumaa, hukuwahi kupigwa risasi? Nawajibu kwamba sikupigwa, na wala sikuwahi kumwona aliyepigwa. Mimi nilipigana na ngazi mbovu, nyaya zilizochunika, mashine za kukatia chuma zilizoondolewa kinga, na wanaume wazima waliopanda jukwaa la rangi wamevaa ndara. Hapo jirani hunitazama kwa huruma, akabadilisha mazungumzo.

Nyinyi mliobaki kwenye ofisi ya usalama wa kazini mliniomba niandike, hasa kile kisa cha kamba, maana kila mtu kambini anakisimulia anavyotaka. Juzi nimesikia kwamba nilimfokea kanali. Sikumfokea mtu. Kwa hiyo naandika, na nitaanza mwanzo, kwani kisa chenyewe hakieleweki bila Sajini Katana.

Kabla ya ofisi hiyo nilikuwa mhudumu wa zahanati ya kambi. Kila Jumatatu tulishona vidole, kila Ijumaa tuliosha macho yaliyoingia vumbi la chuma, na vyote vilitoka karakana ileile ya kutengeneza meli. Siku moja nilimwambia daktari kwamba ingekuwa rahisi zaidi twende tukakae karakanani na sindano zetu. Daktari hakucheka. Wiki iliyofuata nikapewa barua ya uhamisho, nikajifunza kwamba jeshini mtu hulalamika kwa tahadhari.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja kati ya stoo ya rangi na choo. Helmeti ya kwanza niliyoiona humo ilikuwa mezani, imejaa mayai ya kuku. Nyuma ya mayai alikaa Sajini Katana, mtu wa Kaloleni, mrefu, mpole wa kusema, ambaye hakuwahi kumalizia sentensi kwa haraka hata kengele ya moto ikilia.

"Kule zahanati watu walikuwa wakikupenda?" akaniuliza.

"Walinipenda, afande."

"Basi hayo yamekwisha, mwanangu. Huku ukifanya kazi vizuri, hakuna kinachotokea. Na sijamwona bado mtu anayekuja ofisini kushukuru kwa kitu ambacho hakikutokea."

Akayatoa mayai kwenye helmeti, akayaweka kwenye droo, akanivisha. Amri yake ya kwanza ilikuwa nizunguke karakana bila kumkosoa mtu. Nitazame tu, ninyamaze. Kwa mtu wa Timbwani hiyo ni adhabu, lakini nilitii.

Nikaona mengi. Wachomeleaji waliochoka kuvaa miwani walikuwa wakifika asubuhi macho mekundu kama pilipili, wamefunga vipande vya kiazi kibichi juu ya kope. Kiazi hakiponyi. Kinamlazimisha mtu alale chali atulie, na huko kutulia ndiko kunakomsaidia. Niliona vizuia kelele vya masikio vikitumiwa kuzuia kelele za mke, maana fundi mmoja alivipeleka nyumbani na hakuvirudisha. Niliona mafundi wazee wakiamkiana kwa kupiga mayowe ilhali wamesimama bega kwa bega, na kila mmoja akidhani mwenzake ndiye kiziwi.

Nilipotaka kuwafokea wasiovaa glavu, Katana alinivisha vifaa vyote, kuanzia helmeti hadi buti, akanipeleka chumba cha injini mwezi wa Februari. Nilitoka humo nguo zimenigandama na ulimi umekauka. Tangu siku hiyo sikumwuliza mtu "kwa nini hukuvaa?" Nilimwuliza, "Inakubana wapi?" Mkiuliza hivyo mtaambiwa ukweli, na mara nyingi mtagundua kwamba glavu zililetwa za saizi moja, saizi ya mtu ambaye hajazaliwa Pwani hii.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kulikuwa na feni kubwa ya kusukuma hewa yenye bomba refu la turubai, ikipiga kelele kama lori linalopanda Kaloleni. Baadaye tuliletewa kipimo cha hewa, kidude cha kiganjani kinacholia hewa ikichafuka, nacho kilitumia nusu ya maisha yake Nairobi kikitengenezwa. Na kulikuwa na kamba. Katana alinipeleka Kongowea kuinunua, kwenye duka wanakonunua watu wa malori ya kutoka bara. Alisema mwenye lori hauziwi kamba mbovu mara mbili. Aliipindapinda, akaipaka mafuta kidogo, akaivuta kuona kama inateleza mkononi, mpaka mwenye duka akamwuliza kama anataka kuinunua au kuioa.

Kamba hiyo ilikuwa ya matangi. Wengi wenu mmekuja wakati mambo yameshatengemaa, kwa hiyo niwaeleze. Meli ina matangi ya maji na ya mafuta, na lazima mtu aingie ndani mara kwa mara kukwangua kutu na kupaka rangi. Tangi lililofungwa muda mrefu linaonekana safi na halina harufu, kumbe kutu imeshakula hewa yote nzuri. Mtu huingia, hajisikii vibaya, halafu miguu inamwisha. Mwenzake akiingia kumwokoa, naye anabaki humohumo. Ndiyo maana anayeingia hufungwa kamba kwenye mkanda, na mwingine hukaa kitako juu, kwenye mdomo wa tangi, ameishika. Aliye ndani akivutwa mara moja, naye huvuta mara moja kujibu: mzima. Asipojibu, anatolewa hapo hapo, bila kuuliza.

Katika mwaka wangu wa pili fundi mmoja wa kiraia aliingia tangi la maji. Juu alikaa askari mgeni, kijana mwenye nidhamu, aliyetoka mafunzoni hata kichwa hakijaota nywele. Akapita meja mmoja. Yule askari alifanya alivyofundishwa: akaruka wima, akaachia kamba, akapiga saluti. Meja naye alikuwa mtu mwema, akasimama kumwuliza habari za kwao, mvua imenyesha, mahindi vipi. Askari hawezi kumpa mkubwa kisogo. Akawa anajibu habari za mahindi, macho mbele, na kamba imelala miguuni. Meja alipoondoka, akaivuta. Hakujibiwa.

Tulimtoa fundi akiwa rangi ya majivu. Alitapika, akalala zahanati, akapona, sifa njema ni za Mungu. Yule askari alikaa chini karibu na zahanati akilia, akisema neno moja tu: "Afande, nilipiga saluti." Na hilo ndilo lililonitisha. Nilitafuta mtu wa kumlaumu nikamkosa. Kila mmoja alikuwa na adabu.

Siku hiyo hiyo Katana alimwendea mkuu wa kambi wa wakati ule, akarudi na ruhusa: aliyeshika kamba hapigi saluti, hasimami, hajibu. Akamshonesha fundi cherehani fulana nyekundu, na aliyevaa fulana hiyo akiwa juu ya tangi akawa kama hayupo. Meja apite, brigedia apite, yeye macho yake ni kwenye kamba.

Wabara waliizoea haraka. Walioteseka ni sisi wa Pwani, na si kwa sababu ya saluti. Ni salamu. Mtu akupitie, akwambie "Salaam aleikum" au "Shikamoo," nawe uitazame kamba kama uliyekosa wazazi? Bibi yangu angenikana. Katana alilijua hilo, akawa kila mara akipita matangini anaamkia kwa sauti nzuri kabisa, na anayejibu anaondolewa kwenye kamba siku hiyo. Nami aliniondoa. Alikuwa ameniuliza hali ya mama.

Alipostaafu aliniachia chumba, kamba, na droo iliyonuka mayai. Wakuu wa kambi walibadilika mmoja baada ya mwingine, kama ilivyo desturi, na kila mkuu mgeni nilimweleza habari ya fulana nyekundu kwa mdomo. Walikubali wote. Sasa nifike kwa Mbeyu.

Koplo Mbeyu ni wa kwao Rabai, mfupi, mkimya, ana watoto wawili wanaolelewa na mama yake. Alikuja ofisini kwangu baada ya kukataliwa na idara mbili zilizosema hana mwili wa kazi. Mwili wa kazi gani sijui, kwa maana sijaona mkono kama wake kwenye kamba. Alikaa juu ya tangi asubuhi nzima bila kuzungumza na mtu, na fundi Salim, mtu wetu wa Likoni aliyepaka rangi matangi ya meli zote mnazozijua, alikataa kuingia ikiwa si Mbeyu aliyemshika. Mwaka huo muda wake wa utumishi ulikuwa unamalizika, na alikuwa anangoja kuambiwa kama ataongezewa. Kosa la nidhamu wakati kama huo linamrudisha mtu Rabai na begi lake.

Basi akaja kanali mgeni. Alikuwa na siku chache tu kambini, sijapata hata nafasi ya kumwona, akaletewa wageni kutoka makao makuu. Meja wa utawala ndiye aliyepanga ziara: watu wapige pasi, sakafu ioshwe, kila idara ieleze kazi zake. Salim alikuwa ndani ya tangi anapaka rangi. Asubuhi tulishusha kipimo, hewa ikawa nzuri, lakini rangi ikianza kupakwa, mvuke wake unajaa, na kinachouondoa ni ile feni. Alikuwa amevaa barakoa yenye vichujio, na Mbeyu alikuwa juu na fulana yake nyekundu. Mimi nilisimama ng'ambo ya karakana, kwenye mstari wa kupokea wageni.

Wageni walipofika, mhandisi akaanza kueleza. Hakusikika. Feni ilinguruma. Meja akaashiria kwa mkono, na mtu akaizima, ili wakubwa wasikie vizuri. Nilianza kutembea. Kukimbia mbele ya wageni ni kosa, nami nilitembea kwa namna ambayo haikuwa mbali na kukimbia.

Mbeyu aliisikia feni ikinyamaza kabla yangu. Alipofika kanali mbele ya tangi, wote walikuwa wima kama nguzo, isipokuwa koplo mmoja aliyekaa kitako, kisogo kwa wageni, anavuta kamba.

"Koplo, simama," akasema Meja.

Hakusimama.

"Koplo!" Akamwinamia, akamgusa bega. Mbeyu bila kuinua macho akasema, "Ngoja, afande."

Kuna maneno mengi mabaya ambayo koplo anaweza kumwambia meja mbele ya wageni, na nimesikia baadhi yake. "Ngoja" ndilo baya kuliko yote. Kanali aliwaongoza wageni mbele, na kisogo chake kilikuwa kimekauka. Nilipofika kwenye tangi, kichwa cha Salim kilikuwa kinatokeza, anakohoa, macho yanachuruzika, anauliza nani kazima feni. Niliiwasha kwa mkono wangu. Alasiri hiyo Mbeyu akaandikiwa mashtaka: kukaidi amri na kumdharau mkubwa.

Usiku niliota nimeshika kamba isiyo na mtu. Nasema wazi kwamba niliogopa, tena sana. Katika kumtafutia utetezi niligundua kwamba sheria ya fulana nyekundu haikuwa imeandikwa popote. Ilikuwa inaishi midomoni mwetu tu, na mdomo wa sajini kama mimi si kitu mbele ya mashtaka.

Kesi ilisikilizwa ofisini kwa kanali. Mbeyu alisimama wima, kofia kavuliwa kama inavyotakiwa. Meja alisimama upande mmoja, mimi upande mwingine. Kanali alikuwa mtu wa bara, sauti ya chini, miwani puani. Alisoma mashtaka akauliza kama ni kweli hakusimama. Mbeyu akasema ni kweli. Akauliza kama ni kweli alisema "ngoja." Ni kweli.

"Ulijua mimi ni nani?"

"Nilijua, afande."

"Basi kwa nini hukusimama?"

"Afande, mkononi mwangu kulikuwa na mtu."

Kanali alivua miwani. Akanigeukia, nikamweleza habari ya fulana, ya Katana, ya yule askari na meja wa mahindi. Akaniuliza sheria hiyo imeandikwa wapi. Nikamwambia haijaandikwa. Akaniuliza ni nani aliyeniruhusu kuwafundisha askari wasipige saluti. Nikawataja wakuu waliomtangulia, nikaona jinsi jina moja baada ya jingine lisivyosaidia kitu, maana hakuna hata mmoja aliyekuwepo pale kusema ndiyo.

"Aitwe huyo mtu aliyekuwa mkononi," akasema.

Salim aliingia na nguo za kazi, rangi mpaka kwenye nyusi. Yeye ni raia. Hajui kusimama wima, na hata angejua asingejali.

"Salaam aleikum," akasema.

Kanali akaitikia.

"Siku ya wageni wangu, ulipokuwa ndani, uliona nini?"

"Mie? Sikuona kitu, mkuu. Ndani mna giza, nina taa yangu na brashi yangu. Wallahi hata sikujua kama mumekuja."

"Basi ulijua nini?"

Salim akafikiri. "Nalijua hewa imesimama. Lile turubai likilala, unalihisi. Kichwa kikaanza kuwa chepesi, nikasema hapa pana jambo. Kabla sijavuta kamba, kamba ikanivuta mie. Haikuacha, mkuu. Nikawa natambaa kuifuata, yanivuta, yanivuta, hata nikaona mwanga." Akamtazama Mbeyu. "Ingeliacha kidogo tu, mie ningelikaa chini nipumzike."

Sote tulijua maana ya mtu kukaa chini kupumzika ndani ya tangi.

"Kwa nini hewa ilisimama?" Kanali aliniuliza mimi.

Hili ndilo jambo ambalo kambini hulisimulia vibaya. Wanasema nilimnyooshea Meja kidole. Sikufanya hivyo. Nilikuwa najua, na nilikuwa nimefungua mdomo, lakini nilifikiria pia kwamba Mbeyu akiachiliwa atarudi kufanya kazi chini ya mtu huyohuyo niliyemwaibisha. Nilisita. Katika kusita kwangu, Meja akasema.

"Ni mimi, afande. Niliagiza feni izimwe ili wageni wasikie. Sikujua kuna mtu ndani."

Alisema akitazama mbele, shingo imevimba. Sikuwahi kumpenda Meja yule, hata leo simpendi sana, lakini kwa maneno yale namheshimu. Angeweza kunyamaza, na nafikiri ningenyamaza pia.

Kanali akafunga faili la mashtaka, akasema limekwisha. Akamwamuru karani wake aandike, na tangu siku ile sheria iko kwenye amri za kudumu za kambi, nyinyi mnaisoma ukutani. Kabla hatujatoka akaniuliza, "Na nikipita mimi, sajini?"

"Hasa wewe, afande," nikamwambia. Hilo ndilo neno lililogeuka kuwa kufoka.

Mbeyu aliongezewa muda. Hakupewa sifa wala cheti, maana jeshini hakuna nishani ya kukaa kitako. Nje ya ofisi ya kanali alivaa kofia, akaniuliza kama feni imeshatiwa mafuta, kwa kuwa Salim anarudi ndani saa nane. Mimi nilikwenda nyuma ya stoo ya rangi nikalia.

Siku yangu ya mwisho mlinifanyia sherehe, na nawashukuru. Mlipanga mstari, mkapiga saluti, kanali akasema maneno mazuri ambayo mengine ni ya kweli. Keki ilikuwa na sukari nyingi. Nilipomaliza kushikana mikono nilihesabu nyuso nikaona mmoja amekosekana, nikapitia matangini kumtafuta kabla ya kutoka getini.

Alikuwa amekaa juu ya tangi, fulana nyekundu, kamba mkononi. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, nimeyatengeneza tangu asubuhi. Nikasimama karibu yake.

"Mbeyu," nikasema, "mimi naondoka. Kwaheri, mwanangu."

Hakugeuka. Alivuta kamba mara moja, akangoja, akaiona ikijibu.

Nikachukua mkoba wangu, nikaenda zangu nyumbani.